Jina Lililoshonwa Mara Mbili

Jumapili, tarehe kumi na nne Juni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka vizingitini, na nguo zilizoanikwa tangu jana zilikuwa mbichi kuliko zilivyotoka kwenye beseni. Fundi cherehani aliamka kabla ya mumewe, akaketi mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Mezani palikuwa na aproni mbili nyeupe zilizobakiza vifungo tu. Uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Akajaribu mara ya nne, ya tano. Miaka ishirini na miwili ya kazi, na leo uzi unamkataa.

Aproni zilikuwa za mwokaji mikate, ambaye mji mzima ulimwita Tanuri. Siku hiyo, baada ya ibada, Tanuri angeingia katika nyumba ya wagonjwa iliyo nje ya mji, na mlango ungefungwa nyuma yake kwa siku thelathini. Homa ilikuwa imewazidi manesi nguvu, wakaomba kila kanisa litoe mtu mmoja wa kufua mashuka, kuwalisha wasioweza kushika kijiko, na kukaa na wanaokata roho. Makanisa mawili yalikwisha kutoa watu wao. Mmoja alitoka amebebwa. Wa pili, hakuna aliyejua habari zake.

Kanisani kwao walijitolea watatu: Tanuri, mwalimu wa shule ya msingi, na seremala, ambaye ndiye mume wa fundi. Seremala alikuwa na kifua kibovu. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa mapafuni miaka mingi, na kwenye baridi alipumua kama mlango wenye bawaba kavu. Siku ile aliinua mkono bila kumwangalia mkewe.

Wakijitokeza wengi, desturi ya kanisa lile ilikuwa kupiga kura. Si kura ya kuhesabu mikono, ni kura ya kumwachia Mungu. Kila jina liliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikafungwa katika kipande cha kitambaa, na kitambaa kikashonwa pande zote, mishono kumi na miwili, ili vidole visipate cha kutambua. Kisha Bibi, mkunga wa zamani ambaye macho yake yalikwisha kuzimika, aliingiza mkono kwenye mfuko akatoa kifundo kimoja. Vilivyobaki vilichomwa moto bila kufunguliwa, maana waliamini si kazi ya mtu kuchungulia alichokiacha Mungu. Aliyeandika na kushona vifundo, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa fundi, peke yake, chumbani kwake. Haikuwahi kumpitia mtu akilini kwamba anahitaji kusimamiwa.

Siku moja kabla ya kura aliandika jina la Tanuri. Akaandika la mwalimu. Alipofika kwa mumewe, kalamu ilisimama. Ng'ambo ya ukuta alimsikia akikohoa, akitulia, akikohoa tena. Basi akaandika jina la Tanuri mara ya pili, akashona haraka.

Kwa nini Tanuri na si mwalimu? Hilo ndilo lililomtisha kila alipolikumbuka. Hakuwa na kisa naye. Jina lake la ubatizo, lililokuwa likiandikwa kwenye karatasi, lilikuwa fupi tu, herufi nne, la kuandikwa haraka.

Jumapili iliyopita Bibi alitoa kifundo, Mchungaji akakata nyuzi, akasoma. Tanuri. Watu waliimba huku wanalia. Vifundo viwili vikachomwa, na tangu siku hiyo fundi hakuweza kuomba. Alipiga magoti, akainuka, akarudi kwenye cherehani.

"Leo cherehani imegoma, au fundi ndiye aliyegoma?" Mumewe alikuwa mlangoni, blanketi mabegani.

"Nafikiri tu."

"Umelala macho wazi, nimekuona. Mke wangu, hata mimi namwonea huruma. Lakini Mungu ameshasema."

Fundi akaivuta aproni karibu. "Na kama mtu angeingilia kati? Ingekuwa bado ni kura ya Mungu?"

"Nani aingilie? Bibi haoni, na vifundo umeshona wewe." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Labda panya."

Hapo mtu akaita kutoka nje. "Hodi hapa! Shemeji, nimekuja kujaribu sare yangu ya harusi!"

Tanuri aliingia kwa ubavu, kwa jinsi alivyokuwa mpana. Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake. Alikuwa ameoka tangu alfajiri ili mji usikose mkate kesho. Akavaa aproni, kamba zikagoma kukutana mgongoni.

"Umenipunja kitambaa, shemeji."

"Msingizie kitambaa," seremala akamtania. "Tumbo hilo lilihitaji hema."

"Litakwisha hukohuko, usijali. Nitarudi hapa uniazime mkanda."

Seremala akaenda jikoni kuchemsha chai. Tanuri alisubiri nyayo zake ziishe, kisha akashusha sauti. "Shemeji, nikupe siri. Siku ile niliinua mkono kwa aibu. Mwalimu alikuwa ameinua, na mimi nimekaa pembeni yake, ningefanyaje? Nikaomba kimoyomoyo jina langu lisitoke. Lilipotoka, niliutafuta mlango kwa macho. Lakini nilipofika nyumbani nikatulia. Nikajiambia, kumbe Mungu ameuona woga wangu wote na bado ameniita kwa jina. Sasa nalala kama mtoto. Wangenichagua watu, ningetoroka."

Fundi alikuwa anamshonea kifungo cha ukosini; sindano ikamchoma kidoleni. Tone la damu likaangukia ukosi wa aproni.

"Pole! Usiharibu sare," Tanuri alisema, akicheka.

Njiani kuelekea kanisani, ukungu ulikuwa mzito hata hawakuona mwisho wa barabara. Fundi alitembea nyuma ya wanaume wawili akijitetea moyoni. Mungu hakunizuia. Angetaka, angeukausha wino. Angeuongoza mkono wa Bibi kwa mwalimu. Kama hakuzuia, basi ameridhia, na kama ameridhia, basi hata sindano yangu ilikuwa mkononi mwake. Wazo hilo lilimpoza kidogo, kama kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Hatua chache mbele, likamgeuka. Kama Mungu ndiye aliyeshona, hakuna cha kutubu. Sasa mbona usiku alilala macho wazi? Na huyo Mungu anayeandika jina la mtu kwa sababu ni fupi, angemwombaje?

Akaharakisha, akawapita wanaume, akaingia moja kwa moja katika chumba kidogo cha nyuma ya kanisa. Mchungaji alikuwa anafunga vifungo vya mikono. Fundi alimweleza yote akiwa amesimama, bila kupumzika. Mchungaji akaketi juu ya sanduku la vitabu vya nyimbo.

"Mbona hukuniambia juzi? Gari la manesi linakuja saa sita." Akajipangusa paji la uso. "Tukilisema hili sasa, hatapatikana wa kwenda." Kisha akatikisa kichwa kama anayejifukuzia nzi. "Hapana. Mungu anisamehe, nimetaka kukwambia unyamaze."

"Mchungaji, aliyemchagua Tanuri ni Mungu au ni mimi?"

"Sijui."

"Kifundo kimoja cha jina lake kilikuwa cha haki. Sikukitia alama. Huenda Bibi alishika hicho."

"Huenda. Viwili vilivyobaki ni majivu, hatutajua." Akamtazama. "Mungu alikuona unaandika. Kuona kwake hakukushika kalamu, uliishika wewe. Na kazi yake haijaharibika kwa sababu yako, hilo naliamini hata sasa. Lakini usijifiche nyuma yake, dada."

Ibada ilipoanza, Tanuri alikuwa benchi la mbele, aproni imekunjwa magotini. Kabla Mchungaji hajamwita ili wamwombee, fundi alisimama. Alieleza kwa maneno machache. Mtu wa nyuma aliguna. Mwalimu aliinamia sakafu.

Tanuri aligeuka polepole. "Kwa hiyo sikuitwa?"

"Sijui, kaka. Ninachojua ni nilichofanya mimi."

"Mtu uliyekuwa unamshonea vifungo asubuhi hii hii!" Kisha hasira ikamtoka kama hewa, akabaki mdogo ndani ya mwili wake mkubwa. "Sasa naogopa," alisema. "Jamani, naogopa."

Seremala akasimama. "Nitakwenda mimi. Nilijitolea kwa hiari yangu, na hiari hiyo nimeibiwa ndani ya nyumba yangu..." Kikohozi kikamkunja, akashikilia benchi, wakamketisha na kumpa maji. Hakumtazama mkewe. Fundi aliona hilo, na likamuuma kuliko kama angemtukana.

"Tupige kura upya," mtu akasema. "Ashone mwingine."

"Mkono wangu hauingii humo tena leo," Bibi alijibu kutoka kwenye kiti chake, kichwa ameinua. "Sina kinyongo na kura. Ila naisikia mioyo yenu inavyodunda. Mnataka mfuko useme ili asiseme mtu."

Nje, honi ililia mara mbili. Gari la manesi lilikuwa limefika.

Hakuna aliyesogea. Fundi alikwenda mpaka benchi la mbele, akainama, akaichukua aproni kutoka magotini pa Tanuri. Tanuri aliishikilia kidogo, kisha akaiachia. Alipoivaa, ilimpwaya hata kamba zikamzunguka mara mbili. Tone la damu lilikuwa ukosini, limekauka. Hakusikia sauti yoyote kutoka mbinguni, hakuona ishara, na mlango wa ubavuni, usioelekea kwenye gari, ulikuwa wazi. Angeweza kutoka na kwenda zake nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu kura ile, maneno ya kumwambia Mungu yalimjia.

Akataja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, ili asibaki mtu wa kukosea ni nani anayesema.

"Mbele za Mungu, na mbele ya mume wangu, na mbele yenu wote, naingia leo katika nyumba ile, na sitatoka kabla ya siku thelathini kwisha. Sikutolewa na kura. Naogopa sana. Nitakwenda."