Mtumbwi wa Kukamulia Ndizi

Mwalimu Kipriani alijilaza ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe, uani kwake Kasulu, na ukungu wa vilimani ukamgeukia kuwa mawimbi. Yeye na wenzake walikuwa wamenunua mashua ya tanga ya kutembelea ziwani kila Jumapili, ila kwanza alitaka kujifunza kujiokoa majini. Kigoma walifundisha siku mbili, majini tu, bila cheti. Dar es Salaam ilikuwa wiki nzima darasani, na cheti chenye muhuri.

“Nitakwenda Dar,” alinong’ona amefumba macho. “Cheti nitakitundika sebuleni.”

Mkewe, Theodosia, akammwagia ndoo ya maji. Kipriani akatapatapa, akang’ang’ania ukingo wa mtumbwi.

“Baba Josepha,” Theodosia akamwuliza taratibu, “na cheti kilichoko sebuleni, ungekishikaje?”