Msiguse Mifupa

Kila asubuhi Ermelinda aliwasimamisha wageni wake mbele ya mlango wa kanisa, akainua mwavuli wa kijani ili wamwone, akawapa mawaidha yaleyale kwa sauti ileile. Mabegi yavaliwe kifuani, si mgongoni, kwa sababu Napoli ina watu wepesi wa vidole. Kahawa inywewe kwa kusimama kaunta. Ukikaa mezani unalipia na kiti. Chini kuna baridi, mwenye sweta avae. Ngazi zinateleza. Kupiga picha ruhusa, kuwasha taa ya kamera marufuku. Na la mwisho, tafadhali sana, msiguse mifupa.

Aliyasema kwa Kifaransa, au Kiingereza, au Kihispania, kutegemea kundi, na tangu Februari alikuwa akiyasema bila kujisikia. Wageni walicheka penye kiti cha kahawa, naye akatabasamu, maana hapo ndipo pa kutabasamu. Mdogo wake, Catello, alikufa Februari hiyo kwa ugonjwa wa damu, hospitalini, mchana kweupe, watu wakiwa wanakula. Ermelinda hakulia siku ile. Hakulia mazikoni, na sasa ilikuwa Oktoba. Si kwamba alijikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Alikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya hausemi neno.

Chini ya kanisa lile kulikuwa na mafuvu ya watu wasiojulikana, waliokufa zamani kwa tauni na njaa, wakatupwa pamoja bila jina wala msalaba. Waliokuja kuwapokea ni wanawake wa mtaani. Kila mmoja alijichagulia fuvu lake, akalifuta vumbi, akaliwashia mshumaa kila Jumatatu, akaliombea lipumzike. Nalo lilitakiwa lifanye kazi: mume kwa asiye naye, mtoto, namba za bahati nasibu. Majibu yaliletwa ndotoni. Fuvu likizembea liliachwa, mwanamke akachagua jingine, na hakuna aliyeona haya kwa hilo. Kisha wakaja wataalamu wa majengo ya kale, ikafungwa kamba, zikauzwa tiketi, na kina mama wakaambiwa wanaharibu urithi. Urithi wa nani, hawakuambiwa.

Mama yake Ermelinda, Donna Consiglia, alikuwa na lake, akiliita Fundi Viatu kwa sababu lilimjia ndotoni limeshika sindano na uzi wa kushonea soli. Muda wote Catello alipougua, mama alikwenda kusimama nyuma ya kamba na kumwomba Fundi Viatu. Na Fundi Viatu akaja ndotoni akasema mtoto atapona.

Ijumaa moja, wakila mchana, mama alisema, "Kesho nakuja kazini kwako."

"Kufanya nini?"

"Nina maneno na Fundi Viatu."

"Si mzungumze hukohuko ndotoni, kama siku zote?"

"Tangu Februari haji. Atakujaje, na anajua alichonifanyia? Nakwenda kumgeuzia uso ukutani, akae hivyo mpaka kiama."

Ermelinda aliweka uma chini. "Mama, kule siku hizi kuna kamera. Msimamizi kasema, mgeni akigusa hata kidole cha marehemu, kiongozi wa kundi anafukuzwa. Rosalba alifukuzwa kwa sababu ya kijana mmoja tu aliyetia sarafu kwenye jicho la fuvu."

"Mimi si kijana, na sarafu sina."

"Mshahara wangu ndio huu tunaoula. Ukikatika tutakula nini?"

"Kwani wewe sasa hivi unakula?" mama akamwuliza. "Unatafuna tu."

Ermelinda akaendelea kutafuna. Yalikuwa maharage na tambi, mama alikuwa ameyapika vizuri, hilo alilijua kwa kuyaangalia.

Jumamosi kundi lilikuwa la Wabelgiji. Mbele kabisa alisimama bibi mmoja aliyeitwa Odile, mwalimu mstaafu, mwenye maswali mengi kuliko meno. Ermelinda alikuwa amefika kwenye ngazi zinazoteleza alipomwona mama yake nyuma ya kundi, ndani ya koti lake jeusi la msiba, ameshika tiketi juu kama mtu anayenadi samaki.

"Nimelipa," alisema kwa lugha ya nyumbani. "Leo mimi mgeni. Haya, niongoze."

Angeweza kumzuia mlangoni. Ermelinda alitafuta ndani yake hofu ya kutosha kufanya hivyo, au hasira, hata aibu, na hakupata. Akainua mwavuli, wakashuka.

Chini aliwaeleza wageni habari za tauni, akawaeleza habari za kina mama na mishumaa. Walikuwa wanatazama juu, kwenye safu za mafuvu, mama alipoinua kamba nyekundu na kupita chini yake, taratibu, kwa sababu ya magoti.

Maneno ya kumrudisha yalikuwepo. Ermelinda alikuwa ameyafundishwa, na alikwisha kuwaambia watu wengi: tafadhali, rudi nyuma ya kamba. Yalifika mdomoni yakakaa hapo. Alichofanya badala yake, hata yeye hakukipanga. Alisogea mpaka chini ya kamera iliyokuwa pembeni, akafungua mwavuli, akauinua juu ukaziba kila kitu.

"Funga hicho kidude," mama alisema bila kugeuka. "Mwavuli ndani ya nyumba, tena ya maiti. Mikosi tuliyonayo haikutoshi?"

"Fanya ulichokuja kufanya, mama. Haraka."

Simu ya upepo kiunoni mwake ikakoroma. Alikuwa Don Sabatino, mlinzi aliyekaa juu kutazama kamera. "Ermelinda, kamera imeziba. Kuna nini huko?"

"Utando wa buibui."

"Buibui wa kijani?" Don Sabatino akauliza. "Nakuja."

Wabelgiji walifurahi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Mama alikuwa amemshika Fundi Viatu kwa mikono miwili, tayari kumgeuza. Akamtazama. Akamtazama muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama adui, kisha akatoa leso mfukoni akaanza kumfuta paji la uso.

"Hukuweza," alimwambia. "Basi. Ungesema tu kwamba huwezi, mimi ningeelewa. Kuniahidi kwa nini?" Akamrudisha mahali pake, uso mbele kama alivyomkuta. "Nimekusamehe. Lakini kazi yangu sikupi tena."

Akashuka kwenye safu ya chini, kwenye fuvu dogo lenye vumbi ambalo hakuna aliyewahi kulishughulikia, akapiga magoti, akaanza kulifuta. Na huku anafuta, anaongea, kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza kitu dukani.

"Anasema nini?" Bibi Odile alinong'ona.

Ermelinda alikuwa kiongozi wa wageni, na mgeni akiuliza hujibiwa. Ulimi ukaanza kazi wenyewe, Kifaransa safi, huku mkono bado umeinua mwavuli.

"Anajitambulisha," alisema. "Anasema yeye ni Consiglia, mjane, wa hapo mtaani. Anasema fuvu lake la kwanza limemshinda, sasa anajaribu hili."

"Anaomba nini?"

Mama alisema, Ermelinda akafuata, sentensi moja nyuma yake.

"Anasema hataki pesa. Anasema alikuwa na mtoto wa kiume, na huyo hamwombei arudi, yuko huko kwenu, mtunzeni, hapendi baridi. Anasema anamwombea mwingine. Binti."

"Mgonjwa?"

"Hapana. Anasema binti anakula akiwekewa, analala akiambiwa. Anakwenda kazini. Anachekesha wageni. Anasema kila jioni anasikia ufunguo mlangoni, anatoka kumpokea, na anayeingia hayumo. Anasema alizika mtoto mmoja lakini amebaki peke yake. Anasema..."

Mama aliendelea. Ermelinda hakutafsiri. Mwavuli ulikuwa umeanza kushuka, na kamera ingeona sasa kama kungekuwa na mtu juu wa kuitazama. Lakini Don Sabatino alikuwa tayari kwenye ngazi, viatu vyake vilisikika.

"Maskini," Bibi Odile alisema. "Na huyo binti yuko wapi?"

Lilikuwa swali dogo, na Kifaransa chake alikijua tangu shule. Alifungua mdomo ajibu. Kisha kitu kikampanda kutoka tumboni, kizito, cha moto, kikaja na Catello mzima: kichwa chake kilichonyolewa, miguu yake mirefu iliyopita kitanda cha hospitali, namna alivyokuwa akimwita mama yao. Kiliuma. Kiliuma kuliko alivyowahi kudhani kitu kinaweza kuuma, na akasikia sauti mbaya, ya mnyama, ikijaa pango lote, na ikamchukua muda kutambua ni yake.

Mwavuli ulianguka. Mama alikwisha simama, amevuka kamba bila kukumbuka magoti, amemkumbatia. Wageni walirudi nyuma wakatazama viatu vyao.

Don Sabatino alitokea chini ya ngazi akihema. Aliona kamba imelegea, aliona fuvu dogo linang'aa peke yake katikati ya yenye vumbi.

"Nani kagusa mifupa?" akauliza. "Ermelinda, nakuuliza wewe."

"Ngoja nilie kwanza, Don Sabatino," alisema, uso wake umo ndani ya koti la mama. "Kunifukuza utanifukuza baadaye."