Bunduki ya Mgeni wa Nalasi

Kwenye ghala la silaha la ofisi ya wanyamapori pale Songea zilibaki bunduki mbili tu za wanyama wakubwa, na Pankrasi alizikodolea macho kama mtu anayechagua mchumba siku ya harusi. Moja ilikuwa ya kipenyo cha tatu sabini na tano, nyepesi kidogo, yenye risasi za ncha laini zinazochanuka ndani ya nyama. Hiyo ni ya simba. Nyingine ilikuwa nne hamsini na nane, nzito, yenye risasi ngumu za kupasua fuvu la tembo. Ukimpiga simba kwa risasi ngumu, huenda ikapenya ikatokea upande wa pili, naye akaendelea kuja. Ukimpiga tembo kwa ile laini, umemkasirisha tu.

Hayo yote alifundishwa na Rupert, bwana nyama aliyemtangulia, mtu wa maskhara mengi mwenye pengo la jino la mbele. Kila waliposafisha silaha, Rupert alimtajia mnyama, umbali na aina ya kichaka, kisha akauliza: "Haya, Pankrasi. Kwa huyu utachukua ipi?" Akikosea, chai ya siku hiyo ilikuwa juu yake. Rupert mwenyewe alikosea mara moja. Mwaka jana alikwenda kijiji cha Nalasi na ile nzito, akarudishwa ndani ya jeneza lililopigwa misumari, na hata mkewe Adela alizuiwa kulifungua. Medali ya Bikira Maria ambayo Adela aliifunga kwenye mkanda wa bunduki hiyo bado ilining'inia palepale. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa.

Sasa Nalasi walikuwa wamepiga simu tena. Bashiru, mwenyekiti wa kijiji, alisema mgeni amemuua mdogo wake Kassimu kwenye shamba la korosho, na watu wameacha kuokota.

"Mgeni gani, mzee wangu? Tembo au simba?"

"Mgeni tu, bwana nyama."

"Nyayo zake je?"

"Tumezifagia. Kila asubuhi zinakuwa za mwingine."

Pankrasi alikasirika, akasema watu wanakufa na huu si wakati wa mafumbo. Bashiru alieleza polepole kwamba mgeni huyo hana mwili wake. Huvaa ule ambao bunduki yako haiufai. Rupert alikuja na ya tembo, akatokewa na simba. Kabla yake alikuja mwingine na ya simba, akakanyagwa.

"Njoo na bunduki usiyoijua," alisema Bashiru. "Usipojua wewe, na yeye hatajua avae nini. Inshallah tutampata hajajiandaa."

Pankrasi alicheka, maana alikuwa Mkatoliki wa Mjimwema asiyekosa misa ya Jumapili. Lakini alicheka kwa mdomo tu. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa hachagui dawa. Akamwomba Makarius, mtunza ghala, achague bunduki moja, aijaze risasi, aizungushie magunia na asimwambie ni ipi.

"Mchagua jembe si mkulima," Makarius alimtania. "Ila wewe, kaka, leo hata kuchagua hutaki!"

Alipouona uso wa mwenzake aliacha kucheka. Pankrasi alitoka nje, akasimama akitazama bodaboda zinazokwenda Bombambili, mpaka furushi lilipopakiwa kwenye gari.

Yeye na Bashiru waliingia shambani alasiri ya kesho yake, jua likiwa bado kali. Bashiru ndiye aliyebeba furushi, kwa sababu bega la mwindaji hutambua uzito wa bunduki hata akili isipotaka. Chini ya mikorosho mabibo yalikuwa yameoza na harufu yake kali ilipanda puani. Ndoo ya Kassimu ilikuwa bado pale alipoiacha, imejaa korosho. Hapakuwa na ndege hata mmoja.

Kulikuwa na kitu kinachotembea sambamba nao nyuma ya majani marefu. Mara kilivunja matawi kwa uzito, mara kilipita laini bila kutikisa jani, kama kitu ambacho hakijaamua. Pankrasi alifurahi moyoni. Mzee alikuwa amesema kweli, na mgeni alikuwa hajui.

Ndipo akasikia kitu ndani ya magunia, kila Bashiru alipopiga hatua. Kli. Kli. Kli.

Alijaribu kutosikia. Alianza Salamu Maria, na hapo ndipo alipoiona medali waziwazi akilini, na mkanda, na bunduki yote. Ilikuwa ile nzito. Pembeni yao matawi yaliacha kuvunjika. Majani yakaanza kufunguka taratibu, chini chini, kwa kimo cha mnyama anayenyata.

"Nimejua," alinong'ona. "Ni ya tembo."

Bashiru alilikumbatia furushi. "Basi tumekwisha."

"Hapana. Iweke chini."

"Una wazimu?"

"Anavaa kwa kufuata bunduki, mzee wangu. Tukiwa hatuna, atavaa nini? Iweke!"

Bashiru alililaza furushi juu ya majani makavu, wakarudi nyuma. Majani marefu yakatulia. Pankrasi alihisi machozi ya furaha yakimjia, kwa kuwa hata Rupert hakuliwaza hilo.

Kisha mtu akainuka kutoka kwenye majani, akijikung'uta magoti.

"Kassimu!" Bashiru alilia. "Mdogo wangu!" Akaanza kumkimbilia, mikono wazi.

Lakini Pankrasi hakumwona Kassimu. Aliona sare ya kaki aliyoifahamu, na pengo la jino la mbele. Alipiga magoti akararua magunia, akaishika bunduki, akailenga, na mikono yake haikumtii. Yule mtu alimwacha Bashiru aendelee kuja. Alimtazama Pankrasi kwa upendo uleule wa zamani, akatabasamu.

"Haya, Pankrasi," akasema. "Kwa huyu utachukua ipi?"