Kila Mtoto na Amri Yake

Nisiseme uongo, nilikuwa nimechoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka na nafuu. Miaka kumi na tisa nimekuwa mratibu wa elimu ya Kikristo kwenye usharika wetu hapa Igowole, na cheo hicho kirefu maana yake ni kwamba shule ya Jumapili ni mimi, darasa la kipaimara ni mimi, semina ya wazazi ni mimi, na kufagia baada ya semina ni mimi huyohuyo. Kila Januari naandika mpango wa mwaka, naupeleka kwenye baraza la wazee, wanasema, "Hongera sana, Mwalimu Matilda," halafu wanauliza kama kuna chai.

Mwaka huu niliwaambia basi. Magoti yangu hayautaki tena ukungu wa Mufindi, na binti yangu Eveline kule Mbeya ameshanitengea chumba. Wazee wakakubali, ila kwa sharti: nimalizie kwanza watoto kumi wa kipaimara. Wakifaulu mtihani nasaini orodha ya majina, naenda zangu. Wakishindwa, darasa linarudiwa mwaka mzima. Na wa kulirudia ni nani kama si mimi?

Sasa watoto wenyewe ndio hao. Jumamosi hii wanakuja wanne, ijayo wanakuja sita, na wale sita si wale wanne. Huyu yuko shambani, yule kapelekwa msibani Nyololo, yule mama yake kasema nguo hazijakauka. Mpaka Agosti hakuna hata mmoja aliyefika amri ya tano.

Ndipo nikafanya nilichofanya. Mchungaji Gwakisa nimeshamzoea: mtihani wake ni Amri Kumi na maana zake, anaanzia mwanzo wa benchi, anaishia mwisho wa benchi, wala haruki. Watoto kumi, amri kumi. Nikawapanga, nikampa kila mmoja ya kwake, nikamwambia, "Hii ndiyo yako. Ishike hiyohiyo." Ndani ya wiki tatu walikuwa wanatiririka. Na mimi nikaanza kufunga mizigo.

Siku ya mtihani kanisa lilijaa wazazi. Wa kwanza akajibu, safi. Wa pili, safi. Nikaegemea ukuta. Wa tatu alikuwa Obeid. Kabla hajafikiwa nikamwona anajikunyata, kashika tumbo, mara kanyanyuka anakimbilia chooni. Jamani! Asubuhi nzima alikuwa wapi na hilo tumbo?

Mchungaji akamsubiri kidogo, kisha akamgeukia aliyefuata, Goodness. "Haya mwanangu, amri ya tatu?"

Goodness akasimama wima. "Waheshimu baba yako na mama yako."

"Hapana, sikiliza vizuri. Nimesema ya tatu."

"Waheshimu baba yako na mama yako," akasema tena, kwa sauti zaidi.

Mchungaji akadhani ni woga. Akasogea kwa Clement. "Ya nne?"

"Usiue."

"Na wewe, Danieli. Ya tano?"

"Usizini!" Danieli akaitoa kwa nguvu zote, wazazi wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mchungaji akafunga kitabu taratibu, akanitazama, akawaambia watu tupumzike kidogo.

Ofisini hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Mwalimu, nimeelewa. Lakini kipaimara ni Jumapili ijayo. Watu wameshanunua mbuzi, wameshashona magauni, wageni wanatoka Iringa mjini. Saini tu. Hawa watajifunza mbele ya safari." Akanisogezea orodha na kalamu.

Nikaishika kalamu. Kwa nini nisiishike? Nani aliwahi kunisaidia hata siku moja? Nilishaandika herufi ya kwanza ya jina langu pale mlango ulipogongwa. Ni Goodness, macho mekundu.

"Mwalimu, nimekosea wapi? Yangu si nimeisema yote?"

"Umeisema yote."

"Sasa mbona Mchungaji aliikataa?"

"Alikuwa anakuuliza nyingine, mwanangu."

Akanishangaa kweli. "Nyingine? Nyingine si za wenzangu? Usiue si ya Clement?"

Mchungaji akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa namtazama yule mtoto, miaka kumi na minne, amekaa mbele yangu miaka miwili, na alikuwa haniulizi kwa utani. Aliamini hivyo. Aliamini kwa sababu aliyemwambia ni mimi. Nimefundisha watoto wangapi katika maisha yangu, mamia, na huyu ndiye niliyetaka kuuachia usharika nikaondoka.

"Zote ni zako, Goodness," nikasema. "Zote kumi. Mimi ndiye sikukupa."

Niliikata ile herufi, nikamrudishia Mchungaji kalamu yake, nikatoka mbele ya kanisa kabla moyo haujageuka. Nikawaambia wazazi kwamba watoto wao hawajui, na kwamba kosa si lao, ni langu, niliwadanganyia mtihani. Jumapili ijayo hakuna kipaimara. Kelele zilizopigwa pale sizisimulii. Baba yake Danieli aliniita mama mchawi, mchana kweupe, madhabahuni. Mama Goodness alikuwa analia tu juu ya gauni aliloazima kwa watu. Nililia naye, nimechoka, nimeaibika, na nilikuwa najionea huruma mimi mwenyewe, sifichi.

Jioni nikampigia Eveline. Akaniuliza nafika lini, akanipokee stendi.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Jumatatu saa kumi nina darasa. Naanza na amri ya kwanza, na wote watakuwa wanaisema."