Mbio za Uongo za Gervais

Gervais alisomea historia ya wapanda farasi wa nyika za Asia kule Lubumbashi, na balaa lake lilianzia hapo. Mwaka 2002 alikuwa anafagia maghala Edmonton, mtaa wa jiji kuu la Waingereza, huku kichwani mwake Wamongolia wanapiga mbio. Ukikaa naye kanisani lazima akusimulie hila yao: wanajifanya wameshindwa, wanakimbia, adui anafurahi, anavunja safu na kuwafuata, akishachoka, wanageuka juu ya tandiko na kummiminia mishale. Alisimulia vizuri, asinyimwe haki yake.

Nyumbani hakuwa na msikilizaji. Binti yake Miradie alimjibu kwa Kiingereza, "Dad, not again," akavaa headphones. Mkewe Émilienne alirudi kutoka kazi ya kutunza wazee, akala amesimama, akalala. Hakugombana tena, na hilo lilimtisha Gervais kuliko kelele za zamani. Alimpenda mke huyo. Alimpenda vibaya, kwa maneno mengi na msaada mchache, lakini alimpenda, na aliona anamponyoka.

Akili nyingi huondoa maarifa. Gervais akaamua kukimbia. Kwao Bukavu mke akiudhika hurudi kwa wazazi, na mume humfuata na wazee na mbuzi, radhi zikaombwa, yakaisha. Yeye angefanya kinyume: angehamia kwa mdogo wake Serge, Woolwich, upande wa pili wa jiji, Émilienne angeona nyumba ilivyo tupu, angetuma akina mama wa kanisa, hapo naye angegeuka na kutoa masharti. Jumamosi akabeba sanduku, akaubamiza mlango usikike.

Serge alicheka mpaka akakohoa. "Yaya," akasema, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa, "bale Bamongolia bako, adui alikuwa na hamu ya kubakamata. Bibi yako iko na hamu ya kukukamata?"

"Atakuya," Gervais akajibu. "Ngojea tu."

Akangoja. Alikaa dirishani akichungulia kila basi lililoshusha watu karibu na soko. Kanisani hakwenda, maana anayekimbia haonekani. Wiki zikapita, na hakuna mama wa kanisa aliyebisha hodi.

Jumapili moja, baada ya ibada, Émilienne akashuka kwenye basi. Moyo ulimruka Gervais. Akashuka ngazi mbio, masharti yote amekwisha kuyasahau. Alikuwa tayari kuomba radhi yeye, hata mbuzi angenunua.

Émilienne alikuwa na mifuko miwili ya nguo za Gervais, zimefuliwa na kupigwa pasi. Alikuwa amenenepa kidogo. Uso wake ulikuwa umepumzika, na Gervais hakuwa ameuona hivyo tangu Bukavu.

"Baba Miradie," akasema bila hasira. "Niliombaka Mungu uende. Miye singeweza kukufukuza, weye ni baba ya mtoto. Ukaenda weye mwenyewe. Aksanti, vraiment."

"Émilienne, haikuwa kuenda kwa kweli. Nilikuwa nangojea unifuate."

"Najua. Serge aliniambiaka." Akanyoosha mkono. "Nipe key."

Gervais aliutafuta ufunguo mfukoni polepole, kama mtu anayetumaini kuukosa. "Na Miradie? Anaulizaka miye niko wapi?"

Émilienne alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyommaliza.

"Sasa anafanyaka homework yake ku sebule," akasema. "Kunakuwaka kimya."

Gervais akampa ufunguo.