Jarife Lisiachwe Peke Yake

Usiku wa kuamkia leo niliota jarife la mume wangu, Shamte, limekuja nyumbani kwa miguu. Ilikuwa mchana mweupe, nami nilikuwa uani napara samaki. Likasimama mlangoni likichuruzika maji, likapiga hodi kwa adabu zote.

"Shemeji," likasema, "niko peke yangu."

Jarife, kwa asiyelijua, ni wavu mrefu wenye matundu makubwa. Hutegwa kwa ajili ya papa na nguru, lakini kasa naye hunasa humo, na kasa asipopanda juu kuvuta pumzi hufa maji kama mtu. Ndiyo maana vijiji viwili, sisi wa Mtondoo na wenzetu wa Kibunju ng'ambo ya mkono wa bahari, tulikaa tukapatana. Jarife lisiachwe peke yake. Atakayemkuta kasa kwenye jarife la mwenziwe alikate amtoe, na mwenye jarife asiseme neno. Wanaume walinuna wiki nzima kwa hilo la pili, wakalikubali. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mapatano hayo na nililipitisha kwa mikono miwili.

"Shamte yuko wapi?" nikaliuliza.

"Amenitega akaenda kuangalia mpira."

Hilo halikunishangaza. Kilichonikera ni yale maji, maana nilikuwa nimetoka kupiga deki. Lakini mgeni ni mgeni, nikalitandikia mkeka. Likakaa, likajikunja vizuri, maboya likayapakata.

"Umekula?"

"Nimeshika kitu, shemeji."

"Kitu gani?"

"Sijui. Mimi nashika tu, sibagui. Ninachojua ni kwamba kinapigapiga."

"Sasa wewe uko hapa au uko baharini?"

"Niko kote kote," likasema. "Mimi ni mrefu."

Nikaona lina haki. Nikachukua kisu cha samaki, nikashika ncha ya kamba yake, tukatoka.

Nafungua mlango wa uani, na njia ya dukani haipo. Ipo ofisi ya kamati, imejaa maji mpaka kwenye bati. Wajumbe wamekaa kwenye viti vyao vya plastiki, kanzu na kanga zinaelea, na kila anayesema anatoa mapovu. Hakuna anayeona ajabu. Hata mimi sioni ajabu, natafuta kiti tu.

"Umechelewa, Bi Mize," akasema Bwana Faki, mwenyekiti wetu. Ni mtu mwema, ila anapenda vikao kuliko chakula. "Tuko kwenye kupitisha ajenda."

Karibu yangu alikaa Mwanakombo wa Kibunju. Yeye ndiye kiongozi wa wanawake wanaolinda mayai ya kasa kule ufukweni kwao, na ni shoga yangu. Alinipa mkono bila kunitazama. Upande wake wa pili kulikuwa na kasa jike, mzima mzima, gamba lake limefunika viti viwili. Tuliandika wenyewe kwamba kila jamii ya pwani ilete mjumbe, kwa hiyo kasa nao walikuwa wameleta wao.

Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikampa pole.

"Hiki si kilio, ni chumvi," akasema. "Ningekuwa nalia ungejua."

Kisha akanyoosha pezi. Mwenyekiti akampa nafasi.

"Naomba kikao kiwe kifupi," akasema kasa. "Mimi ndiye niliyenaswa kwenye jarife la Shamte. Nimekuja kwa sababu mlisema mhusika asikose. Lakini nimebana pumzi."

"Hoja imepokelewa," akasema Bwana Faki. "Tutaifikia kwenye mengineyo."

Wakaanza. Kwanza ikawa lile jarife limetegwa upande wa Mtondoo au wa Kibunju. Mwanakombo akasema jarife la Mtondoo likatwe na Mtondoo. Mjumbe mmoja wa kwetu akasema kama ni hivyo, kasa wametagia Kibunju, basi ni kasa wa Kibunju, na waje wamtoe wenyewe. Wakapigiana kelele mpaka ofisi ikajaa mapovu na sikuona mtu. Yalipotulia, mwenyekiti alikuwa anapendekeza iundwe kamati ndogo.

"Atakufa!" nikasema.

"Pitia kwa mwenyekiti, Bi Mize."

"Mwenyekiti, atakufa!"

"Hilo nalo ni mengineyo."

Mimi naipenda kamati yetu. Nimetembea kwenye jua kali, nimegombana na majirani kwa ajili yake. Lakini pale ningeweza kumpiga Bwana Faki kwa kiti. Nikamtazama kasa. Hakuwa na hasira yoyote. Alikuwa ameweka pezi juu vilevile, anangoja kupewa nafasi, na pezi lilikuwa limeanza kutetemeka.

Nikalivuta jarife, tukaondoka bila kuaga.

Hatua moja nje ya ofisi, niko chini ya bahari. Ni mchanga mweupe, maji yana mwanga, na kamba ya jarife inakwenda mbele yangu imenyooka. Naifuata. Jarife linazungumza njia nzima. Linaniambia halikuomba kuwa refu, na kwamba watu hulilaumu lenyewe wakati wanaolitega ni wao.

"Nyamaza," nikaliambia.

"Nikinyamaza nitakuwa peke yangu."

Tukafika. Kasa alikuwapo, yuleyule wa kikaoni, uzi umemzunguka shingo na mapezi yote mawili ya mbele. Na hatua mbili kutoka kwake, amenaswa mguu na kiuno, alikuwapo mume wangu.

Shamte alikuwa amevaa jezi yake ya mpira. Aliniona. Alifungua mdomo kwa nguvu zote, na hakikutoka kitu, hata povu. Nikamwita tena na tena. Anafungua mdomo, anafumba. Nikakumbuka tulivyopatana. Yeye ndiye mwenye jarife, hasemi neno. Mikono yangu mwenyewe ndiyo niliyoinyoosha kulipitisha.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Kuna kisu kimoja," nikasema, sijui nilikuwa namwambia nani.

"Najua," akasema kasa. "Mlipokuwa mnapatana hamkulifikiria hili."

"Tulisema nikikuta kasa nikate nimtoe."

"Ndivyo mlivyosema."

"Hatukusema kitu kuhusu mume."

"Hapana," akasema kasa. "Hamkusema."

Akaniachia niamue. Angenililia, au angenitukana, pengine mkono wangu ungekwenda kwake. Lakini alinitazama tu kwa yale macho makubwa, anabana pumzi kama alivyosema kikaoni. Ni mnyama aliyetuamini sisi na kikao chetu.

Nikamwendea Shamte.

Nilikata. Uzi wa jarife ni mgumu, na kila fundo lililokatika lilipiga kelele, "Shemeji, unaniumiza!" Nikaendelea kukata. Nikautoa mguu, nikakitoa kiuno, nikalipanua tundu kwa mikono mpaka vidole vikachanika, nikamsukuma mume wangu apite. Akapanda juu haraka bila kugeuka nyuma. Nilifurahi mno. Kwa kitambo kidogo sikukumbuka kitu kingine duniani isipokuwa miguu yake inavyopiga maji kuelekea kwenye mwanga.

Kisha nikasikia kutoka mbali sauti ya Bwana Faki, imetulia, kama mtu anayefunua ukurasa.

"Sasa tumefikia mengineyo. Mjumbe wetu kasa, karibu."

Nikageuka na kisu changu. Pezi lilikuwa limeshuka. Nilikata hata hivyo, uzi mmoja, wa pili, huku nikimwambia, sasa sema, umepewa nafasi, sema. Jarife halikulalamika tena. Lilikuwa limenyamaza, na naona lilikuwa linajua.

Hapo nikaamka.

Jua lilikuwa limeshatoka. Shamte alikuwa ubavuni mwangu, anakoroma, amelala na jezi yake ya jana. Nilimshika bega, likawa kavu na la moto. Nikalia kwa furaha, kisha nikajicheka. Nikaenda kuwasha jiko.

Maji hayajachemka, nikasikia mtu anaita. Alikuwa Mwanakombo, amevuka kwa ngalawa ya kwanza, kanga imelowa mpaka magotini. Nilimkaribisha ndani akakataa.

"Shoga, jarife lenu limeua kasa," akasema. "Jike, ana mayai tumboni. Tumemtoa sisi, yuko pale ufukweni kwetu. Sikuja kugombana. Nimekuja kukuuliza jambo, kwa sababu kule wanaume wameshaanza kuogopa."

"Uliza."

"Jarife limekatwa kwa kisu. Pale alipokuwa kasa ni nyuzi mbili tu; palipokatwa hasa ni pembeni yake, hatua mbili hivi. Tundu la kupita mtu mzima." Akapima kwa mikono yake hewani, upana wa mabega. "Aliyekata alikuwa amemfikia kabisa yule mnyama, Mize. Alikuwa amemfikia. Mbona hakumtoa?"

Nikavificha vidole vyangu vilivyochanika ndani ya kanga. Chumbani Shamte alipiga miayo, akauliza kama chai iko tayari.