Kigurudumu cha Sauti

Mzee wangu, baba wa wanangu, ni fundi redio. Tangu atolewe koromeo kwa sababu ya uvimbe, husema kwa kifaa anachokibana shingoni. Kinanguruma sauti moja tu, kama nzi ndani ya kopo. Akiomba chumvi, akitoa pole, yote sawasawa.

Kitindamimba wetu aliondoka hapa kwa ugomvi na baba yake, huu mwaka wa tatu. Mzee alipompigia kumwambia arudi, binti aliniuliza mimi kama baba alikuwa anasoma tangazo. Akasema hatakanyaga hapa mpaka asikie kwamba kweli anatakiwa.

Hayo yalimchoma mzee. Zamani aliniambia wimbi la redio likienda bapa halibebi kitu, mpaka sauti ya mtu ilitikise. Na kwaya tuliimba wote. Anajua mwalimu akipandisha ufunguo wa wimbo kwenye ubeti wa mwisho, watu husimama bila kuambiwa. Basi akashika bisibisi. Siku tatu meza imejaa skrubu kwenye vizibo vya chupa, mpaka akachomelea kwenye kifaa chake kigurudumu alichong'oa kwenye redio mbovu. Sasa kidole gumba kinapandisha sauti na kuishusha kama ya mwimbaji. Nilitaka kumdokeza binti mapema; mzee akanikataza, eti anataka kumshtukiza. Nikanyamaza, na hilo ndilo kosa langu.

Jumapili binti akapiga. Mzee akabana kifaa, kidole gumba juu ya kigurudumu. "Mwanangu" ikapaa kama filimbi, "njoo nyumbani" ikadidimia hadi kukoroma.

"Baba, unanidhihaki?" Akakata.

Mzee hakugusa chai yake. Nikampigia binti mara nne, hapokei. Mchana nachambua mchele, nikamsikia mzee chumbani akirudia maneno yaleyale. Mara juu mno, mara chini mno, anasimama, anakohoa, anaanza tena. Nikapiga mara ya tano. Binti alipopokea, sikutoa hata salamu. Nikaiweka simu juu ya kigoda, pale mlangoni pa chumba, nikarudi kwenye ungo wangu.

Mzee alirudia mara kumi na tisa. Ya mwisho haikuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Nilipoinua simu nikasikia pumzi.

"Mama," akasema polepole, "anajua nipo?"

"Hajui."

"Usimwambie. Mwache arudie tena."

Habari ya kuja hakuitaja, nami sikumuuliza. Nikairudisha simu kigodani.